Namna Kiongozi Anavyoweza Kutumia Maadili ya Jamii Kujenga Tabia ya Kutunza Mazingira

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye dhamana ya watu wengine: mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mkuu wa shule, msimamizi wa ofisi, imamu, mchungaji, au kiongozi wa kikundi cha wavuvi au wafugaji. Mtu wa namna hii anapotaka watu wake waache kutupa taka mtoni, wapunguze kukata miti ovyo au wazime taa wanapotoka chumbani, kwa kawaida hushika moja kati ya njia mbili, yaani huitisha semina ya kutoa elimu au hutangaza faini. Njia zote mbili zina nafasi yake, lakini zikiachwa zifanye kazi peke yake huzaa matunda haba, kwa kuwa wengi wanaotupa taka wanajua tayari kwamba ni vibaya, na wanaoogopa faini huiogopa pale tu mtoza faini anapoonekana. Kinachodumu zaidi ni mwenendo ambao watu wenyewe wanaona aibu kuuvunja, wakiwa wamemwona kiongozi wao akiutangulia, na wakiwa wameshiriki kuutungia kanuni. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kufika hapo, na mpangilio wake una maana: kiongozi anayeanza na kanuni kabla ya kusikiliza atalazimika kurudi nyuma.

Tafuta kwanza kilichopo

Kosa la kwanza la miradi mingi ya mazingira ni kudhani kwamba jamii haina chochote, na kwamba kazi ya kiongozi ni kuleta kila kitu kutoka nje. Mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania unatoa somo zuri kuhusu jambo hili. Kwa miongo kadhaa miti ya mkoa huo ilifyekwa, kwanza ili kuangamiza mbung'o na baadaye kwa ajili ya mashamba na kuni, hadi ardhi ikawa kavu na tupu. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, mwaka 1986, juhudi za mwanzo zilielekezwa kwenye vitalu vya miche na upandaji wa miti. Mafanikio makubwa yalikuja pale mradi ulipogeukia desturi ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani, ya kutenga eneo la malisho liitwalo ngitili, ambalo hufungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha hufunguliwa kwa ajili ya mifugo ukame unapokaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerejeshwa kwenye hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mfugaji faida ya ngitili. Alichohitaji ni uhakika kwamba mamlaka zitaiheshimu na kwamba miti itakayoota humo itakuwa yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika tangazo lolote, tenga muda wa kuuliza. Usiulize watu wanafikiri nini kuhusu mazingira, kwa sababu swali hilo huleta majibu ya kukariri na pengine wimbo wa shule. Uliza ni mahali gani wazee wao hawakuruhusu kukata kuni, na ni nani aliyelinda mahali hapo. Uliza ni majira gani nyavu zilikuwa hazishushwi baharini au ziwani, aliyetaka kuangusha mti mkubwa alipaswa kumwona nani kwanza, chemchemi ilisafishwa na akina nani na kwa zamu gani, na mtu aliyechafua kisima alitendwa nini. Waulize wanawake kando na wanaume, na vijana kando na wazee, kwa sababu anayeteka maji kila siku anajua mambo ambayo hayasemwi kwenye baraza. Kisha andika ulichosikia, ukitenganisha misemo na utaratibu. Msemo mzuri unaopendeza kwenye bango, kama ule wa ufa na ukuta ambao umeshatumika mpaka umechakaa, hauna mlinzi wala ratiba. Desturi yenye mahali, msimu, msimamizi na adhabu inayojulikana ndiyo unayoweza kujengea.

Pengine unaongoza watu waliotoka sehemu nyingi, kama ilivyo katika ofisi, chuo au mtaa wa mjini, na hakuna mila moja inayowaunganisha. Hapo tafuta maadili ambayo karibu wote wanayashiriki: kuchukia ufujaji, kuona haya kumchafulia jirani, kuheshimu kitu cha umma kama amana. Dini nayo ni hazina kubwa ambayo wataalamu wengi huiruka kwa woga. Katika kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, ambacho kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, watetezi wa uhifadhi walishirikiana na viongozi wa dini kuwaeleza wavuvi uhifadhi wa bahari kwa msingi wa mafundisho ya Kiislamu: kwamba mwanadamu ni khalifa duniani, amepewa dhamana na ataulizwa, na kwamba israfu, yaani ufujaji, imekatazwa. Hoja hiyo humfikia mvuvi pale ambapo takwimu za samaki hazimfikii, kwa sababu inazungumza na mtu anayejiona ana wajibu tayari, hata akiwa peke yake baharini na hakuna doria.

Onyo moja linafaa hapa. Si kila kitu kinachoitwa mila kinastahili kufufuliwa. Zipo desturi zilizolinda msitu kwa kuwanyima wanawake sauti, na zipo nyingine zilizomfanya mgeni abebe lawama ya kila uharibifu. Hata kazi ya pamoja inaweza kupotoshwa: umuganda wa Rwanda, ambao leo unajulikana kwa usafi na upandaji miti wa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ulikuwa na utaratibu uliotumiwa vibaya na watawala wa nchi hiyo kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Chombo chenye nguvu ya kuwakusanya watu kinapaswa kuchunguzwa kwanza kinamtumikia nani.

Usiondoe usichokielewa

Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kina jumuiya za umwagiliaji ziitwazo subak, ambazo kwa karne nyingi zimegawana maji ya mashamba ya mpunga kupitia mtandao wa mahekalu ya maji. Msingi wake ni falsafa ya kupatanisha mahusiano matatu: ya mwanadamu na Mungu, ya watu wao kwa wao, na ya mwanadamu na asili. Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kulima mbegu mpya mfululizo bila kufuata ratiba za mahekalu, ambazo kwa macho ya wapangaji wa maendeleo zilionekana kuwa ibada tu. Matokeo yalikuwa uhaba wa maji wenye vurugu na mlipuko wa wadudu waharibifu. Baadaye utafiti wa mwanaanthropolojia Stephen Lansing ulionyesha kwamba ratiba zile zilifanya mashamba ya eneo moja yapumzike kwa wakati mmoja, wadudu wakakosa chakula, huku maji yakigawanywa ili wa juu na wa chini wapate. Mwaka 2012 mandhari ya subak iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kiongozi mgeni, hasa anayehamishiwa mahali akiwa na shahada na mpango kazi, anapaswa kujiuliza kila desturi anayotaka kuifuta ilikuwa inafanya kazi gani kabla hajafika.

Tangulia mwenyewe, na iwe kwa gharama

Baada ya kujua jamii inathamini nini, wengi hukimbilia kuhubiri. Subiri kidogo. Maneno ya kiongozi hayamgharimu kitu, na watu wanalijua hilo. Kitendo kinachomgharimu fedha, raha au hadhi ndicho kinachowathibitishia kwamba anaamini anachosema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature uliangalia miji 58 ya jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako wenyeji waliojitolea walikuwa wakiwahamasisha majirani kufunga umeme wa jua majumbani. Wahamasishaji waliokuwa wameufunga kwenye nyumba zao wenyewe kupitia mpango ule walipata wakazi wengi zaidi, kwa asilimia 62.8, kuliko wale waliohamasisha bila kuufunga. Ujumbe ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa paa la msemaji.

Chagua basi kitendo kimoja, si kumi, na kianze kabla hujatoa tangazo. Mkuu wa shule anaweza kushika fagio kila asubuhi kwenye sehemu yake ya uwanja kabla ya kuwapangia wanafunzi zamu. Mwenyekiti anaweza kuanza na eneo lake mwenyewe kuwa la kwanza kufungwa kwa malisho. Meneja anaweza kuondoa kiyoyozi ofisini kwake, au kuacha gari lenye dereva na kupanda basi la wafanyakazi. Kitendo kisicho na hasara yoyote kwako hakitahesabiwa. Hakikisha pia kwamba hujipi msamaha, kwa maana hakuna kinachoua kampeni haraka kama mkutano wa kupinga plastiki ambao meza kuu imepangwa chupa za maji za plastiki. Jambo hilo bado linafanyika, na wajumbe huliona hata kama hawasemi.

Kitendo cha siku moja kina nguvu na kina kikomo. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru wa Tanzania Bara na badala yake akaitumia siku hiyo kufanya usafi, akashika zana na kuokota taka hadharani, na nchi nzima ikamfuata. Picha ile ilifanya kazi ambayo semina nyingi zisingeifanya. Hata hivyo usafi wa mtaa hautunzwi na picha. Unahitaji mahali pa kupeleka taka zilizozolewa, gari linalokuja kuzichukua, na mtu anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa lisipokuja. Kiongozi anayetangulia kwa mfano lakini asitengeneze njia ya kufuata anawafanya watu waonekane wakaidi kwa jambo ambalo hawana uwezo nalo.

Kanuni itungwe na watakaoifuata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji ya maji duniani kote, na kukuta kwamba jamii zilizofanikiwa kutunza mali ya pamoja kwa muda mrefu zilikuwa na mambo yanayofanana: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na hali ya mahali, ushiriki wa watumiaji katika kuzibadilisha, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu zinazopanda hatua kwa hatua. Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji kiongozi anayekubali kuachia sehemu ya madaraka yake.

Kusini magharibi mwa Madagascar, wavuvi wa Andavadoaka walikubaliana mwaka 2004 kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue. Walichagua vizuri, kwa sababu pweza hukua haraka, na eneo lilipofunguliwa walivua pweza wakubwa kuliko walivyozoea. Vijiji jirani vikaiga, na vikaungana katika eneo la pamoja la bahari liitwalo Velondriake, linalosimamiwa kwa dina, yaani kanuni za kimila ambazo jamii hujitungia yenyewe na ambazo sheria ya nchi inazitambua zikithibitishwa. Mambo mawili yanafaa kuchukuliwa hapo. La kwanza ni kuanza na jaribio dogo lenye tarehe ya mwisho, kwa sababu mtu hukubali kwa urahisi kujinyima kwa miezi kadhaa kuliko kujinyima milele. La pili ni kuchagua mwanzo jambo linaloleta matokeo ambayo macho yataona upesi. Msitu wa miaka 40 ni lengo jema, lakini imani hujengwa na pweza wa msimu huu.

Unapoitisha kikao, tumia chombo ambacho jamii inakiheshimu. Kwa Wasukuma mkutano wa jadi wa dagashida ulitumika kupitisha kanuni za ngitili, na uamuzi wake ulikuwa na uzito ambao barua ya halmashauri isingekuwa nao. Kwingine itakuwa baraza la wazee, kikao cha wazazi, au mkutano wa wafanyakazi. Leta tatizo mezani, usilete suluhisho. Eleza ulichokiona na ulichosimuliwa na wazee, kisha nyamaza muda mrefu kuliko unavyopenda. Waulize watu kanuni iwe ipi, nani asamehewe na kwa sababu gani, nani alinde, mvunjaji afanywe nini. Atakayeumia zaidi na kanuni hiyo awepo na asikilizwe: muuza mkaa, mwenye mbuzi wengi, mama anayepika kwa kuni. Kanuni inayomnyima mtu riziki bila kumwonyesha njia nyingine atakuja kuivunja usiku, na majirani watamfichia. Mwisho, kanuni iandikwe kwa maneno machache na isomwe tena kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Kanuni inayozidi ukurasa mmoja haitakumbukwa na mtu.

Pale ambapo kazi ni kujenga na si kujizuia, malipo madogo yanayotolewa kwa akili yana nafasi. Harakati ya Green Belt, iliyoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, iliwalipa wanawake fedha kidogo kwa kila mche uliodumu, si kwa kila mche uliopandwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha msitu na sherehe ya kupanda miti.

Jinsi ya kusema, na jinsi ya kuadhibu

Kiongozi aliyekata tamaa hupenda kulalamika kwamba kila mtu anatupa taka ovyo. Asichojua ni kwamba anawaambia wasikilizaji wake kuwa kutupa taka ni jambo la kawaida. Katika Hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, watafiti wakiongozwa na Robert Cialdini waliweka mabango ya aina mbalimbali ya kuwazuia wageni wasichukue vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema kwamba wageni wengi waliopita wamechukua vipande lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8. Lililowaomba tu wasichukue lilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2008, wageni wa hoteli walioambiwa kwamba wengi waliolala katika chumba hichohicho walitumia taulo zao tena waliitikia kwa takribani asilimia 49, ilhali walioombwa tu kuyajali mazingira waliitikia kwa takribani asilimia 37.

Kwa hiyo sifu walio wengi wanaofanya vyema, na uwataje kwa ukaribu: kaya za mtaa huu, wavuvi wa bandari hii, wafanyakazi wa ghorofa hii. Iwapo wanaofanya vyema bado ni wachache, usidanganye. Sema kwamba idadi yao inaongezeka, ikiwa kweli inaongezeka, au eleza tu jambo ambalo jamii inalihesabu kuwa sawa. Tumia msamiati wa watu wako. Neno amana, haya, au wajibu kwa watoto wetu litapita mahali ambapo uendelevu na mabadiliko ya tabianchi yatakwama, japo mwandishi wa ripoti atayahitaji.

Kuhusu adhabu, fikiri mara mbili kabla ya kuanza na fedha. Katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, faini ndogo ilipowekwa kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto, wachelewaji waliongezeka, na hata faini ilipoondolewa hawakupungua. Aibu ya kumchelewesha mwalimu ilikuwa imegeuka bei inayolipika. Ndivyo inavyotokea pale mwenye fedha anapohesabu faini ya kukata mti kama sehemu ya gharama za mbao. Anza na onyo la faragha kutoka kwa mtu anayeheshimiwa na mkosaji, kisha kazi ya kurekebisha alichoharibu, kisha kuitwa mbele ya kikao, na faini nzito au vyombo vya dola viwe kwa mkaidi na kwa mfanyabiashara mkubwa ambaye aibu ya kijiji haimgusi. Akikosea ndugu yako wa karibu, hukumu yake ndiyo itakayoamua kama kanuni ina uhai. Na usimvunjie mtu utu wake hadharani; aliyedhalilishwa hutafuta kisasi, na msitu hauna mlinzi wa usiku.

Andaa watakaopokea

Misitu ya kaya za Wamijikenda (hapa kaya ni makazi ya kale ya mababu yaliyozungukwa na msitu) katika pwani ya Kenya, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ililindwa kwa vizazi vingi na miiko iliyosimamiwa na wazee. Miiko hiyo inadhoofika pale kijana anapoona kaya kama jambo la wazee tu, na ardhi inayoizunguka inapopanda bei. Usingoje kufika huko. Mlinzi mmoja kati ya watatu awe kijana, na apewe kazi halisi yenye madaraka, kama kutunza daftari la makosa, kupima eneo lililofungwa kila msimu kwa kulipiga picha kutoka mahali palepale, na kusoma matokeo mbele ya mkutano. Daftari hilo liwe mali ya jamii, likae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuliomba, na lirekodi pia makosa ya viongozi. Kipindi chako kikikaribia mwisho, kaa na anayetarajiwa kukufuata katika kikao kimoja cha kupitia kanuni nzima, mkiwa na wazee na walinzi, ili siku atakapoikuta mezani aijue ilitungwa na nani na kwa nini, na aitishe mkutano wa kuirekebisha badala ya kuitupa na kuanza na yake.